Taa ya Dagaa na Kombora la Anga za Juu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Mnaotoka Igombe, kule Ziwa Victoria, mnajua kwamba mwezi ukishakuwa mpevu, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Taa ni zile zile za usiku wa giza, betri zimejaa, lakini mbalamwezi imezizidi. Dagaa hawaoni sababu ya kuzifuata. Lishikeni hilo kwa ajili ya mchezo wa kompyuta tunaouandika, maana kivurugi, yaani kifaa ambacho kombora hubeba ili kuvuruga rada ya adui kwa kelele za redio, kinashindwa kwa namna hiyo hiyo.

Rada hutuma wimbi, kisha husikiliza mwangwi. Kwa kuwa wimbi linakwenda na kurudi, mwangwi hufifia kwa kipeo cha nne cha umbali. Kelele ya kivurugi inasafiri mara moja tu, hivyo hufifia kwa kipeo cha pili. Umbali ukipungua nusu, kelele inakua mara 4, mwangwi mara 16! Kombora likiwa mbali limefunikwa na kelele yake. Likikaribia, mwangwi unaipiku na rada inaliona waziwazi. Kwa hiyo naumia nikikuta mchezo wa mkakati umeandika "kivurugi: asilimia 30 ya kukwepa", tangu kombora linaporushwa hadi linapofika. Mchezaji amenyimwa fumbo lenyewe.

Na fumbo linaanzia kwenye uzito. Chukueni kombora la kilo 1,000, kati ya hizo mafuta 600, na moshi wa injini unatoka kwa kilomita 3 kwa sekunde. Mafuta yakiisha limeongeza mwendo wa takriban kilomita 2.7 kwa sekunde. Toeni kilo 100 za mafuta, wekeni kivurugi: mnabaki na kama 2.1. Karibu robo ya mwendo imekwenda, na mtaujutia pale mwishoni, kelele inapokuwa haisaidii tena na kasi ndiyo ngao pekee iliyobaki. Mngeweza kupunguza kilipuzi badala ya mafuta, sawa, ila mkifika mtapiga kwa kitu gani?

Halafu kelele inamwonyesha adui upande uliko. Hajui umbali, lakini kombora lake la kujilinda linaweza kuifuata kelele hadi kwako. Taa inayoita dagaa inaonekana pia na kila aliye ziwani.

Mimi ningempa mchezaji uhuru wa kubebesha kivurugi kombora moja kati ya 6, mengine yaende kimya na mepesi nyuma yake, na aamue mwenyewe kukiwasha lini. Akikiwasha mapema, amejitangaza. Akichelewa, rada imeshamhesabu. Hilo moja likidunguliwa, matano yamebaki uchi. Hapo mchezaji anaacha kubofya ovyo, anainama kwenye kioo kama mtu mwenye kete moja ya mwisho kwenye bao.

Sasa fungueni kompyuta zenu. Futeni ile asilimia, na mahali pake tuandike umbali.