Mboji ya Mtama Inaanza Mvua Zikiaga

REHEMA: Karibu msikilizaji. Kaka Yohana, meseji nyingi zinauliza hivi: mvua ya Dodoma ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, sasa mboji, hii mbolea ya majani, mabua na samadi vilivyooza, itaongeza maji gani?

YOHANA: Haiongezi hata tone, dada. Inayazuia yanayokuja yasikimbie. Chukua shamba lenye udongo unaofanya ukoko. Mvua kubwa ya Desemba inapiga, maji yote yanateremkia korongoni, ukichimba kidogo tu unakuta vumbi. Mboji inalegeza ule ukoko, maji yanazama, na yakishazama yanakaa karibu na mizizi. Februari jua likikaza wiki mbili tatu, mtama ukiwa unatoa masuke, hapo ndipo utakapoona tofauti.

REHEMA: Na mahindi?

YOHANA: Yatasaidika, ila yakikosa maji wakati wa mbelewele, mboji peke yake haiyaokoi. Mimi ningeiweka kwenye mtama au uwele kwanza.

REHEMA: Tuje kwenye wakati, maana hili linaniuma. Watu wanakumbuka mboji Oktoba!

YOHANA: Oktoba umeshachelewa. Majani mabichi hakuna, maji ya kumwagia unayanunua kwa ndoo, mabua yameliwa na ng'ombe. Huku kwetu mboji inaanza Aprili na Mei, magugu ya palizi yakiwa bado ya kijani na ardhi ina unyevu. Mabua na maganda ya karanga unaongeza kadiri unavyovuna.

REHEMA: Na uchimbe shimo, kivulini kama unacho. Lundo la juu ya ardhi upepo wetu unalikausha upesi sana. Mabua yakatekate vipande vifupi. Panga tabaka la makavu, la mabichi, samadi kidogo, nyunyiza maji, rudia, kisha funika kwa nyasi. Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati. Baada ya wiki kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na kina unyevu, kazi inaendelea. Kikitoka kikavu na utando mweupe, mwagia maji na ugeuze.

YOHANA: Hicho kijiti ndicho kipimo chako, usikidharau. Na usiwe na haraka. Mboji ambayo haijaiva ukiiweka shambani, vijidudu vinavyoozesha mabua vinagombania naitrojeni, chakula cha mmea, na mche, mtama unakuwa njano. Iliyoiva imepoa, nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza.

REHEMA: Tuseme imeiva. Naimwaga shamba zima?

YOHANA: Hapana, haitatosha. Iweke kwenye mashimo ya Chololo. Wasikilizaji wa mbali, Chololo ni kijiji cha hapa hapa Dodoma. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30, sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Unaweka mboji, unarudishia udongo bila kujaza, ili mdomo wa shimo ubaki bonde dogo la kukinga maji.

REHEMA: Nimepiga hesabu: kwa nafasi hizo ekari moja inabeba mashimo kama 7,500. Nusu kilo kila shimo ni zaidi ya tani tatu na nusu. Na kuchimba huko mara nyingi kunawaangukia kina mama, tuseme wazi.

YOHANA: Ndiyo maana nasema anza na robo ekari. Mashimo 1,900 hivi, na familia nzima ishike jembe, akina baba wakiwemo. Chimbeni Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijafika.

REHEMA: Bado mifugo. Baada ya mavuno shamba linakuwa la kila mtu.

YOHANA: Hilo mzungumze kijijini mapema, mkiwa na mwenyekiti na wafugaji. Waachieni sehemu ya mabua, nao wawape samadi. Ng'ombe akishaingia shambani hakuna cha kuzungumza tena.

REHEMA: Walioandika kuhusu mchwa, swali lenu tumeliona. Tunaanza nalo kipindi kijacho.