Galaksi Hafifu Nyuma ya Abell 2744

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Leo nitazungumzia galaksi changa na hafifu mno, ambazo hata darubini ya James Webb, yenye kioo cha upana wa mita 6.5, isingeweza kuichambua nuru yake bila msaada. Msaada huo ni uvutano wa galaksi nyingine zilizokaa njiani.

Kwamba uvutano hupinda nuru si jambo geni. Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, Arthur Eddington alipiga picha za nyota akiwa kisiwani Príncipe, Ghuba ya Guinea, na kikosi kingine kilikuwa Sobral, Brazili. Nyota zilizo karibu na ukingo wa jua zilionekana zimesogea, kama Einstein alivyokokotoa. Mwaka 1937 mwanaastronomia Fritz Zwicky akasema galaksi nazo zinaweza kuwa lenzi, yaani kupinda na kukuza nuru ya vilivyo nyuma yake. Ushahidi ulipatikana 1979, ilipoonekana kwaza moja (kiini cha galaksi kinachong'aa mno) imejitokeza mara mbili angani.

Lenzi ninayotaka tuitazame ni Abell 2744, kundi kubwa la galaksi lililo umbali wa miaka nuru bilioni 4 hivi. Nuru inayotoka nyuma yake huweza kutufikia kwa njia zaidi ya moja, kwa hiyo galaksi ileile huonekana mahali pawili, patatu au zaidi. Picha hizo pacha ni hazina. Tukizioanisha, tunajua uzito umepangika vipi ndani ya kundi, ukiwemo ule wa maada isiyoonekana, ambayo ndiyo sehemu kubwa. Bila ramani hiyo, hatuwezi kujua kama galaksi imekuzwa mara 5 au mara 50, na kosa likiingia hapo litatufuata hadi kwenye hesabu ya mng'ao wake halisi na wingi wa nyota zake. Palipokuzwa zaidi ndipo pia ramani inapoyumba zaidi. Nawasihi vijana mnaoipenda fani hii: msiruke hatua hii ya kuipima lenzi yenyewe.

Kuna gharama nyingine. Lenzi huitandaza mbingu iliyo nyuma yake kama donge la chapati chini ya mpini: sehemu ndogo husukumwa ikajaza picha nzima. Tunaona kwa kina zaidi, lakini tunaona eneo dogo zaidi.

Kwa nini basi tuikubali gharama hiyo? Kwa sababu ya haidrojeni. Miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa, elektroni zikashikamana na viini, ukajaa gesi, hasa haidrojeni, inayomeza mionzi ya urujuanimno, yaani ile yenye nguvu kuliko nuru tunayoiona. Kufikia miaka bilioni 1 hivi, karibu gesi yote iliyo kati ya galaksi ilikuwa imevunjwa tena, elektroni zikatengana na viini. Nani aliivunja? Wengine waliwaza galaksi kubwa, wengine mashimo meusi yanayokula gesi. Mimi jibu naliona zaidi kwa wadogo. Februari 2024, mwanaastronomia Hakim Atek na wenzake walichapisha uchambuzi wa nuru ya galaksi 8 hafifu sana nyuma ya Abell 2744, ambazo nuru yake ilianza safari kabla ulimwengu haujatimiza miaka bilioni 1. Zilikuwa zikitoa mionzi ya kuvunja haidrojeni mara 4 ya kiwango kilichozoeleka kukadiriwa. Na galaksi ndogo za namna hiyo ni nyingi mno kuliko kubwa. Kwa nguvu hiyo, hata sehemu ndogo ya mionzi ikiponyoka kutoka ndani ya kila galaksi, kazi inakamilika.

Lakini kumbukeni eneo dogo. Galaksi 8 zimetoka kwenye kipande kimoja tu cha mbingu, na huenda kipande hicho kina tabia zake. Ndiyo maana Webb imeelekezwa pia kwenye lenzi nyingine, Abell S1063, ikaitazama kwa saa zipatazo 120. Kama galaksi za huko nazo zinatoa mionzi kwa kiwango kilekile, ndipo hesabu hii itaweza kusemwa juu ya ulimwengu mzima.