Kuunda Amri Yakinishi za Kihispania kwa Vitenzi Vinavyofuata Kanuni

Watazamaji wapendwa, karibuni. Katika somo hili tutaunda amri yakinishi, yaani zile za kumwambia mtu afanye jambo, kwa vitenzi vitatu mnavyoviona ubaoni: hablar, kusema, comer, kula, na escribir, kuandika.

Kabla ya kuunda chochote, amueni kwanza mnazungumza na nani, kwa sababu Kihispania hakina amri moja inayomfaa kila mtu. Rafiki, ndugu au mtoto huitwa tú, ilhali mtu mzima msiyemfahamu, au yeyote anayestahili heshima, huitwa usted.

Kwa tú kazi ni nyepesi. Chukueni kitenzi cha wakati uliopo katika nafsi ya tatu umoja, mkitumie kama kilivyo: habla, come, escribe. Herufi h haitamkwi.

Hatua ya usted naomba mwiendee polepole. Chukueni nafsi ya kwanza umoja, kwa mfano hablo, mwondoe ile o ya mwisho, kisha mgeuze irabu: vitenzi vya -ar hupokea e, na vile vya -er na -ir hupokea a. Tunapata hable, coma, escriba. Msemaji wa Kiswahili ameshazoea jambo la namna hii, maana naye hugeuza a kuwa e anapolainisha amri, kutoka “soma” hadi “usome”. Lakini katika comer na escribir mwendo ni wa kinyume, na hapo ndipo wengi huteleza. Kati ya come na coma kuna tofauti ya irabu moja tu, nayo ndiyo inayobeba heshima yote, kwa hiyo itamkeni waziwazi.

Mkiwaamuru watu wengi, ongezeni n: hablen, coman, escriban. Katika Amerika ya Kilatini umbo hili huwafaa marafiki na wageni vilevile. Hispania, marafiki kwa kawaida huambiwa hablad, comed, escribid, ambapo r ya mwisho imegeuka d.

Kiwakilishi cha mtendwa hushikamanishwa nyuma ya amri. Escribe ikiungana na lo huwa escríbelo, “kiandike”. Neno limerefuka, lakini mkazo umebaki kwenye silabi ileile, ndiyo maana tunaweka alama juu ya i.

Sasa simamisheni video, mwunganishe lo na come, kisha na coma, mwandike daftarini. Majibu sahihi ni cómelo na cómalo.