Dola 5 Mlangoni

Asante mwenyekiti. Umewaambia watu nitazungumzia historia ya bendi ya panki, na wanaonifahamu pale mbele wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaishia kwenye kiingilio. Siishii huko, ndugu zangu. Naanzia huko.

Panki ni muziki wa magitaa, wa kasi na kelele; zaidi ya hapo sielezi, simu mnazo. Bendi yenyewe ni Fugazi, ya Washington, mji mkuu wa Marekani. Watu wanne: Ian MacKaye na Guy Picciotto kwenye magitaa na sauti, Joe Lally kwenye besi, Brendan Canty kwenye dramu. Jina walilitoa kwenye lugha ya askari wa vita vya Vietnam, neno la kuelezea mambo yaliyokwenda mrama. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 3 Septemba 1987, wakiwa watatu, Picciotto hajajiunga bado. Kiingilio chao, mwaka nenda mwaka rudi, mara nyingi kilikuwa dola 5. Nasema tena, dola 5! Na hapo sizungumzii siku za shida walipokuwa hawajulikani. Walikuwa wanajaza kumbi za watu elfu na zaidi, na bei iko palepale.

Kuna ndugu ananiangalia hapa anasema moyoni, hao walikuwa wanatoa sadaka. Kila ninapokwenda namkuta ndugu huyu. Sadaka gani? Ile ilikuwa hesabu. Sisi kiingilio tunakipangaje? Tunamweka promota, tunamweka meneja, hoteli ya meneja, taa, mabaunsa, shangazi yake promota anayekaa mlangoni, tunajumlisha, halafu mzigo wote tunamtwisha kijana aliyekuja kusikiliza muziki. Asipokuja tunasema watu hawapendi muziki wa laivu. Wenzetu walianzia upande wa pili. Bei imeshapangwa, haibadiliki. Sasa tuone gharama gani zinaenea humo ndani. Meneja? Haenei, atoke. MacKaye akawa anapiga simu mwenyewe kupanga maonyesho. Hoteli? Miaka ya mwanzo walikuwa wanalala sakafuni majumbani kwa watu. Vyombo wanabeba wenyewe. Fulana na kofia za bendi hawakuuza kabisa, mpaka wajanja wakachapisha fulana zao zilizoandikwa "Hii si fulana ya Fugazi", nazo zikanunuliwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo bei ndogo iliwawezesha kulifanya. Kwenye panki ya Marekani wakati ule kulikuwa na vijana wa kiume waliogeuza eneo la mbele ya jukwaa kuwa uwanja wa ngumi. Wanarukia watu vichwani, wanasukumana, wasichana wanaishia nyuma kabisa ukutani. Fugazi walikuwa wanasimamisha wimbo. Katikati ya wimbo! MacKaye anamwita mhusika kwa adabu kabisa, bwana, samahani, unaumiza watu. Asiposikia, anapewa bahasha na kuonyeshwa mlango. Ndani ya bahasha mna dola 5. Fedha yako hiyo, hatudaiani, usiku mwema. Na bahasha zilikuwa zimeandaliwa tangu mapema!

Hebu wewe uliyetoza laki mlangoni jaribu kumrudishia mtu fedha yake saa nne usiku. Promota atazimia. Utamwacha apige watu mpaka asubuhi, kwa sababu ameshakununua.

Halafu Picciotto yeye alikuwa na ulimi. Kuna tukio lipo kwenye filamu, kijana mmoja anajifanya mbabe mbele ya jukwaa, Picciotto akamwambia hadharani kwamba alimwona kabla ya onyesho, anakula aiskrimu kama mtoto. Ubabe ukaishia palepale. Siku hizi nikiona mtu anavimba ukumbini namtafutia aiskrimu yake.

Mniwie radhi, hili la kununuliwa linaniuma. Nimepiga besi miaka sita katika bendi ambayo gitaa lililokuwa begani kwangu halikuwa langu. Nanyi mnajua kwetu swali la kwanza kwa bendi ni lipi: vyombo vya nani? Mwenye vyombo akigombana na mkewe, onyesho hakuna. Siku niliyoondoka nilitoka na mkanda wa gitaa tu, na hata huo walinipigia simu kuuliza. Basi nikisoma habari za hawa watu siwasomi kama mgeni.

Turudi nyuma kidogo, maana hesabu ya namna hii haikuanza na Fugazi. Mwaka 1980 MacKaye alikuwa kijana mdogo kwenye bendi ya Teen Idles, na rafiki yake Jeff Nelson kwenye dramu. Fedha zote za maonyesho waliziweka kwenye boksi la sigara. Bendi ilipokufa zilikuwa kama dola 600. Sasa niambieni, bendi ya hapa ikifa na fedha ipo kwenye boksi, nini kinafuata? Polisi! Wao badala ya kugawana walitoa santuri ya bendi iliyokwisha kufa, nakala 1,000, na ndipo lebo yao ya Dischord, yaani kampuni ya kutoa santuri, ilipozaliwa. Jalada hawakujua linatengenezwaje. Wakachukua la santuri ya Uingereza, wakalibandua gundi likakaa bapa, wakachora mipaka yake kwenye karatasi, kisha wakakaa na marafiki kukata kwa mkasi, kukunja na kubandika, moja moja.

Msiniambie walikuwa watoto wa watu wenye nacho. Ndiyo, baba yake MacKaye alikuwa mwandishi wa habari, nyumbani hakulala njaa. Lakini zile 600 zilitoka mlangoni. Na mikasi hata hapa inauzwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Ile alama ya X ambayo vijana wa panki huchora mkononi: Teen Idles walikwenda California 1980, huko ukumbi mmoja uliwachora X ili baa isiwauzie pombe, umri haujafika. Waliporudi wakaupeleka ujanja huo kwenye kumbi za Washington, vijana wakaruhusiwa kuingia. Mengine yaliyofuata kuhusu kutokunywa ni mhadhara mwingine, na mimi si mtu wa kuutoa.

Mikataba: Dischord hawana mikataba ya maandishi na bendi zao. Gharama zikitolewa, faida inagawanywa. Najua, najua, mtasema mtadhulumiana. Na hiyo mikataba yenu ya kurasa arobaini imewazuia nani kuwadhulumu? Mwaka 1993 Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya muziki ya Atlantic, aliwafuata Fugazi mwenyewe nyuma ya jukwaa pale New York, akitaka wahamie kwake. Inasemekana alitaja zaidi ya dola milioni 10. Walikataa.

Muziki wenyewe nilikuwa nimeuandalia kurasa tatu, hasa namna besi ya Lally inavyobeba wimbo magitaa yakinyamaza. Basi. Anzeni na albamu ya Repeater ya 1990, malizieni na The Argument ya 2001. Zipo sita kwa jumla.

Walisimama Novemba 2002, baada ya maonyesho ya London, bila kutangaza kifo cha bendi na bila kupelekana mahakamani. Mafundi wao wa sauti walikuwa wamerekodi maonyesho zaidi ya 800, na mwaka 2011 wakaanza kuyaweka kwenye intaneti. Unachagua mwenyewe utalipa ngapi, kuanzia dola 1 hadi 100. Usipojua ulipe ngapi, wamekupendekezea: dola 5.

Maswali. Yule wa sadaka, nakuona umenyoosha mkono. Anza wewe.