Rangi ya Kigari Inataka Wembamba

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kunialika. Mara nyingi kigari cha plastiki kinaunganishwa vizuri kabisa, halafu siku ya kupaka rangi uzuri wote unapotea. Nataka tuelewane kwa nini.

Tuanze na hesabu. Rangi yote ya gari halisi, tangu praima, yaani rangi ya msingi, hadi vanishi ya juu, ina unene wa kama milimita 0.1. Wengi wenu mnaunda vigari vya kipimo cha 1/24, yaani vidogo mara 24 kuliko gari halisi, kama hivi vya kampuni ya Tamiya. Unene huo huo ukiuweka kwenye kigari, ni sawa na gari kubwa kubeba rangi ya milimita 2.4! Mistari ya milango inazibika, kona kali zinakuwa butu. Ndiyo maana mimi, kabla ya kugusa rangi, hupitisha ncha ya kisu taratibu kwenye mistari ya milango na boneti, ichimbike kidogo.

Bodi ioshwe kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki huweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu iliyoiumbia, na rangi haishiki juu ya mafuta. Iacheni ikauke yenyewe. Kitambaa huacha nyuzi. Kisha praima nyepesi ya kijivu. Hiyo itawaonyesha kila mkwaruzo, na huo ndio wakati wa kuusawazisha kwa msasa. Rangi ya juu haitauficha.

Sasa swali mnaloniuliza kuliko yote: rangi kutoka na vipele kama ganda la chungwa. Matone yakitoka kwenye kopo la kupulizia, thina, yaani kimiminika kinacholainisha rangi, huanza kupotea yakiwa bado hewani. Ukisimama mbali, yanafika yameshaanza kukauka, kila tone linakaa kivyake. Ukisogea mno, rangi inachuruzika. Sentimita 20 hivi panatosha. Kopo liwekeni kwanza kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache: rangi inalegea, shinikizo linapanda, matone yanakuwa madogo. Maji ya vuguvugu tu, jamani. Kopo likiwekwa juu ya moto linaweza kulipuka.

Anzeni kupuliza nje ya bodi, piteni juu yake bila kusimama, achieni kitufe mkishaivuka. Koti, yaani tabaka za rangi, za kwanza ziwe kama ukungu. Ya mwisho ndiyo iwe na majimaji, na hapo itazameni bodi chini ya taa ya tyubu: kivuli cha taa kinachoonekana kwenye paa kama kwenye kioo kikiwa na kingo zilizonyooka, rangi imetulia. Kikitetemeka, bado ina vipele.

Kwa sisi wa pwani, masika ni adui. Thina inapopotea hupoza uso wa bodi, unyevu wa hewani unatua humo, na rangi inageuka kama imemwagiwa maziwa. Subirini siku kavu.

Kabla ya kung'arisha, nuseni bodi. Ikiwa bado inanuka thina, haijaiva. Ikiiva, tumieni msasa wa maji namba 2000, kisha polishi. Kwenye kona na kingo za madigadi rangi ni nyembamba kuliko kwingine, kwa hiyo bandikeni tepu ya karatasi kabla ya kupiga msasa, na sehemu hizo mzimalizie kwa polishi peke yake.

Haya, leteni bodi zenu hapa mezani tuzitazame.