Maharagwe ya manjano? Angalia vinundu kabla ya kununua yurea

Tazama haya maharagwe. Yako karibu kutoa maua, lakini yamedumaa na majani yamepauka. Hapa Kakamega, wengi wetu tukiona hivi tunakimbilia yurea, mbolea ya nitrojeni. Ngoja kwanza, tuchimbue mmea mmoja.

Usiung'oe kwa mkono, vinundu, yaani vile vivimbe vidogo vya mizizini, vitakatikia ardhini. Chimba kwa jembe pembeni, uinue pamoja na bonge la udongo, halafu suuza mizizi polepole ndani ya ndoo. Umeona? Vinundu ni vichache, vidogo kama punje za wimbi. Pasua kimoja kwa ukucha: ndani ni cheupe. Hicho hakifanyi kazi. Kinachonasa nitrojeni ya hewani huwa chekundu au cha waridi ndani.

Hapa tatizo ni asidi ya udongo. pH ya udongo (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, fosforasi inafungwa udongoni mmea usiipate, na bakteria wa raizobia wanaotengeneza vinundu wanapungua. Madini ya molibdenamu, ambayo bakteria hao hawawezi kunasa nitrojeni bila hiyo, nayo inaadimika.

Chokaa hupunguza asidi hiyo, kwa hiyo kabla ya msimu ujao, pima udongo ujue kiasi cha kuweka. Ukiambiwa tani 2 za chokaa kwa hekta, hiyo ni kama mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari. Kwa kipande kidogo, pima gramu 200 kila mita moja ya mraba. Nunua chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa kama ya Koru, kaunti ya Kisumu. Ya kupaka ukuta iache dukani. Ni kali, inachoma.

Funga kitambaa puani, mwaga wakati hakuna upepo, kisha lima uichanganye hadi sentimita 15 chini. Fanya hivyo angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, maana chokaa hii haina haraka. Na usizidishe ukidhani unajisaidia: zinki na chuma zitakosekana.

Siku ya kupanda, paka mbegu bakteria wa raizobia wa maharagwe, si wa soya, ukiwa kivulini. Panda siku hiyo hiyo. Mbolea ya fosforasi bado inahitajika, ila isigusane na mbegu.

Mkizoea mbolea ya DAP kila msimu, asidi itarudi, kwa hiyo pimeni tena baada ya miaka 2 au 3.