Mnazi Wangu, Ardhi ya Nani?

Assalamu alaikum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi maafisa mlioshika viti vya karibu na feni.

Nimeombwa nizungumzie sera ya kilimo mseto, yaani kuchanganya miti na mazao shambani. Nitaanza na mnazi, kwa kuwa hapa Malindi hakuna anayehitaji kuelezwa mnazi.

Mwambao huu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mtu huweka minazi yake rehani, shamba akabaki nalo. Mwingine hana ardhi hata shibiri, lakini ana minazi anayoangua nazi. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908: jitokeze udai shamba lako, usipodai ni la serikali. Wengi hawakudai. Wajukuu zao ndio leo tunaowaita maskwota, watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake.

Sasa mwambie skwota apande miti. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Kanuni za miti ya shambani za 2009 zilimtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti. Mwaka 2022 likatangazwa lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sawa. Lakini mahindi ukiyapanda masika, Agosti umeshakula. Mvinje unataka miaka minne, mitano, ndipo upate boriti ya kuuza. Anayeogopa kufukuzwa kesho atapanda muhogo, na mimi simlaumu.

Tazameni Niger. Zamani mti wa shambani ulihesabiwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata bila kibali alitozwa faini. Basi alifanya nini? Aliung'oa ungali mchanga, asije akapata kesi. Miaka ya 1980, kule Maradi, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aligundua kuwa visiki vilikuwa bado hai chini ya mchanga. Kazi ilikuwa kuchagua machipukizi na kuyapogolea. Wakulima wa huko wanaupenda mti uitwao gao, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua, mtama ukapata jua na mbolea. Wakulima walipoanza kuhesabiwa wenye miti yao, ilirudi kwenye takriban hekta milioni 5. Hawakugawiwa miche, jamani! Miche ndiyo tunayopenda kupigia picha.

Wazungu nao wamejikwaa. Kwenye kanuni za ruzuku za Umoja wa Ulaya za mwaka 2014, shamba la mazao lenye miti zaidi ya 100 kwa hekta liliweza kukosa malipo. India mwaka huohuo ilitoa sera ya taifa ya kilimo mseto, na moja ya shabaha zake ni kupunguza vibali vya kukata na kusafirisha miti ya mkulima.

Ombi langu kwa kaunti ni daftari la miti, kata kwa kata: huyu amepanda mivinje hii, na ardhi ikipata hati ya mtu mwingine, alipwe miti yake kwanza.

Naam, mzee wa nyuma? Nani ataliandika? Mzee wa mtaa na majirani wawili, wakiwa wamesimama chini ya mti wenyewe, si ofisini.